Mkwe Wangu na Chupa ya Eteri

Mkwe wangu Masudi hakuwa mtu wa kutulia. Akiketi, goti linacheza. Akila, pua iko kazini: ananusa kikombe, ananusa shati lake mwenyewe, ananusa hewa ya mlangoni. Mimi Hadidja nilimwambia binti yangu Riziki tangu wiki ya kwanza, "Mwanangu, umeolewa na panya-buku." Akacheka tu. Mapenzi, jamani!

Alikuwa infirmye, yaani muuguzi, katika hospitali pale Kindu, wakati wa Wabelgiji, na kazi yake ilikuwa eteri, ile dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi kabla ya kisu. Ilikuja kwa treni, ndani ya masanduku yenye unga wa mbao. Alfajiri, kabla jua halijachoma, Masudi alishaivika chupa vitambaa vibichi na kuitia kwenye beseni la maji, maana kwa joto letu la mchana eteri inachemka bila jiko. Ukidondosha tone moja mkononi, unasikia baridi, kisha hamna kitu. Imekwenda zake.

Haya yote niliyajua bila yeye kuniambia. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Ni aibu kubwa. Walikaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na kwa miaka minne Masudi hakuwahi kunielekezea neno. Akisikia sauti yangu anakohoa, anageuka upande. Akitaka nisikie jambo, anamwambia Riziki kwa sauti kubwa, na kama Riziki hayupo, anakiambia kinu cha uani.

"Wewe kinu," alisema siku moja, macho ukutani, "watu wanazani eteri inapanda juu kama moshi. Hapana. Njo nzito kuliko hewa. Inashuka, inatembea chini kama maji, hauione, mpaka ikute moto. Ikiukuta, ule moto unarudi njia ileile mpaka kwenye chupa. Njo maana moto hauingie kule ndani."

Nami nikakijibu kinu, "Mwambie huyo bwana tumesikia. Moto hauingie ndani."

Mwaka wa hamsini na nne Riziki akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Siku mbili, mtoto hatoki. Daktari alikuwa safarini, mji wa Kalima. Aliporudi asubuhi ya tatu, alimpapasa tumbo mara moja tu, akasema apasuliwe sasa hivi, la sivyo tutawakosa wote wawili. Na wa kumdondoshea eteri ni nani? Mumewe. Hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo. Nilimwona Masudi akipita na beseni lake, maji yanamwagika. Hata kukohoa alisahau.

Mlango ukafungwa. Nikabaki barazani na wanawake wa mtaa. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Mwanangu wa pekee yuko chini ya kisu! Kwetu mwanamke anayejifungua hufukizwa ubani, njia yake ifunguke. Nikaenda jikoni kwa wapishi wa wagonjwa, nikaomba makaa, nikajaza chetezo changu. Na mjue, sikuwa mjinga. Nililikumbuka sharti: moto hauingie ndani. Kwa hiyo nikakiweka nje, chini sakafuni, karibu kabisa na kizingiti, nikapepea kwa pindo la kikwembe nilichojifunga ili moshi upenye chini ya mlango umfikie.

Harufu ilipofika ndani, nikasikia sauti ya Masudi.

"Hadidja!"

Jina langu, tupu, bila mama.

"Hadidja, mupumbavu wewe! Toa moto! Uko unamuua!"

Wallahi, tusi la kumjibu lilishafika kwenye ulimi. Lakini lile neno la mwisho lilinichoma. Nikakikumbatia chetezo kwa viganja vyote viwili, nikakimbia nacho hadi mwisho wa ua. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye udongo wa chetezo. Nikiwa kule kule nikasikia mtoto akilia. Wa kike. Riziki naye aliamka mchana, akatapika, akaomba chai.

Mnadhani nilishukuru? Thubutu! Wanawake wa mtaa mzima walikuwepo wakisikia nikitukanwa. Sere mmoja mzungu, mtawa aliyesaidia mle ndani, alinieleza kwamba Masudi hakuweza kuondoka mezani: akiacha kudondosha, mkewe ataamka tumbo likiwa wazi, akiendelea, kila tone linanifuata mimi na makaa yangu. Sikumsikiliza. Riziki alipotoka hospitali nikamchukua kwangu pamoja na mtoto, nikatuma ujumbe: simrudishi mpaka mkwe alete kuku na kitambaa cha kunifuta aibu, na hata hapo nitafikiria. Riziki alilia. Nikamwambia alie.

Masudi akaja siku ya kumi na mbili. Alileta kuku, alileta kitambaa, na alileta mwanzi uliopasuliwa kama mfereji pamoja na chupa yenye eteri kidogo, masalio ambayo daktari aliagiza yamwagwe, kwa kuwa ikikaa baada ya kufunguliwa hugeuka hatari zaidi. Hakunitazama. Aliuegemeza mwanzi kwenye kinu, akaweka kaa moja la moto chini, na juu kabisa, mbali na kaa, kipande cha shashi nyeupe. Akadondoshea shashi eteri, akarudi nyuma.

Hatukuona kitu. Nikafungua mdomo niulize ni mchezo gani huu. Mara moto wa buluu ukapanda mwanzi wote kwa pumzi moja, na ile shashi ikawaka.

Riziki, mtoto kifuani, akasema polepole, "Mama, shashi kama hiyo njo walinifunika nayo usoni."

Nikakaa chini pale pale, kwenye vumbi.

"Masudi," nikasema. Jina lake, tupu, mara ya kwanza. "Chukua mke wako. Na kuku wako."

Akakohoa. Akageukia kinu, goti linacheza.

"Kinu," akasema, "mwambie mama, anaficha mikono katika kikwembe tangu nimeingia. Nataka kuiona."

Nikaitoa, nikailaza juu ya kinu, viganja wazi.