Upande Usiopata Maji

Mtaani walimwita Mzee Kasoro, na jina lilimkaa vizuri kuliko shati lake lolote. Alikuwa fundi saa, lakini ukimpa saa na sarafu kwa pamoja, saa yako itasubiri mpaka ikome. Wenzake walikusanya sarafu nzuri. Yeye, maskini, alizitaka zilizoharibika: iliyopigwa chapa pembeni, iliyokosa herufi, iliyofura malengelenge. Mradi kosa liwe la kiwandani. Iliyochezewa na mtu hakutaka hata kuiona.

"Mimi alinioa kwa sababu meno yangu yamepandana," mkewe aliwaambia mashoga zake. Mama huyo alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari, mtu wa maneno machache na yote makali.

Kipenzi cha mzee kilikuwa sarafu moja tu. Sarafu za siku hizi ni chuma, hupakwa maji ya shaba ili ziringe. Hii ilikuwa nyekundu upande mmoja, na wa pili mweupe, haukupata maji hata tone. Mkewe ndiye aliyemletea, miaka kumi na miwili nyuma, mzee alipolala miezi mitatu na mguu uliovunjika, hataki kula, hataki kusema na mtu. "Nimerudishiwa chenji dukani," mama alisema, akaiweka juu ya shuka. Mzee akaketi. Akaomba lenzi yake. Kisha akaomba chakula.

Basi Jumamosi moja akaja daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji, na mizani yake kwapani. Chama kilitafuta mpimaji mpya, yaani mtu wa kuamua sarafu ipi ni ya kweli na ni ya daraja gani. Mzee Kasoro aliutamani ukubwa huo mpaka akanyoa ndevu. Sharti lilikuwa moja: aliyewahi kuchezea sarafu hapimi, maisha.

Daktari akaiweka ile sarafu kwenye mizani. Akaguna. Akaigeuza chini ya lenzi kana kwamba ameona jino bovu.

"Ndugu yangu, uliwahi kuipima hii?"

Loo! Mtu aliyepima mpaka vifungo vya koti lake, hii hakuwahi kuipima. Nani anapima zawadi ya mkewe?

"Ni nyepesi," daktari akaendelea. "Na herufi zimelika. Upande mmoja umezibwa kwa nta, halafu yote ikachovywa kwenye asidi. Umetapeliwa mchana kweupe. Nani kakupa? Nitajie, wanachama wote wamjue huyo mwongo."

Mama alikuwa ameshika birika, hamimini. Mzee alimtazama, na yote yakamwingia kwa mpigo mmoja: maabara, asidi, ile siku ya shuka. Aliona haya, akaona na furaha, hata hakujua ipi imetangulia.

"Niliichovya mwenyewe," akasema.

Daktari akavua miwani. "Wewe?"

"Mimi. Tamaa tu, daktari."

Daktari hakugusa chai. Alifunga mizani yake, akaaga kwa kichwa, na upimaji ukatoka naye mlangoni.

Mama akatua birika kwa kishindo. "Wewe mwanamume, umerukwa na akili? Kwani wangenifanya nini? Mimi si mwanachama! Wangenifukuza wapi, jikoni?"

Salale, hilo mzee hakuwa amelifikiria. Akajikuna kidevu, kipara kama yai, kimenyolewa bure.

"Umekitaka cheo hicho miaka mingapi?" mama akamkazania.

"Mingi."

"Sasa?"

"Sasa sikutaka mtu akuite mwongo nyumbani kwako."

Mama akavuta kiti, akaketi karibu na mumewe, akafunika uso kwa viganja na kulia.