Kahawa ya Neema Iliyotoka Mbio

Siku niliyoaibika kwa majivu naikumbuka vizuri, mwanangu, na sikujua kama aibu ile ingekuja kunisaidia mbele ya mashine ya kahawa.

Nilikuwa nimeolewa Masumbwe, bado mgeni. Wazee wa ukoo walikuja kuniona, mama mkwe akaniagiza nichuje magadi ya kulainisha maharage. Kwa usiyejua: unachoma magunzi na maganda ya maharage, majivu unayachekecha, unayashindilia kwenye chungu chenye matundu chini, unatia maji kidogo kidogo. Yanadondoka makali, yana rangi ya chai. Ni kazi ya asubuhi nzima. Mimi nikajiona mjanja. Sikuchekecha, sikushindilia, nikamwaga ndoo nzima. Maji yakatoka mbio, meupe, nami nikafurahi kumaliza mapema. Maharage yakakataa kuiva. Mzee mmoja mwenye meno matatu alihamisha harage moja shavu hili hadi shavu lile, mwisho akalitoa akalitia mfukoni.

Mama mkwe hakunigombeza mbele za watu. Walipoondoka alinipeleka kwenye kile chungu.

"Maji yako yamepita tu, mayu," akasema, yaani mama kwa lugha ya kwao. "Hayakukutana na majivu."

Sasa mwaka huu nilikuwa Geita mjini kwa mjukuu wangu Neema. Mumewe ni mtu wa Bukoba, na mama yake alikuwa anakuja Jumamosi kumwona mkwewe kwa mara ya kwanza. Watu wa kule kahawa wanaijua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Neema akataka kumkaribisha kwa kahawa ya mashine, mashine aliyoinunua kwa bosi mmoja wa mgodini aliyekuwa anahama. Tabu yake, kahawa ilitoka mbio. Mimi saa sina, napima kwa sala. Alipobonyeza nikaanza Baba Yetu. Sijafika kwenye mkate, kikombe kimejaa. Nyepesi, tena chachu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hii ni ya kunywa au ya kunawia?"

Hakucheka. Alishaita fundi, fundi akalaumu umeme, akanywa vikombe viwili, akaenda zake. Mumewe ana karasha ya kusaga mawe ya dhahabu, akasema kahawa ipelekwe huko ikawe unga kabisa. Nikamuuliza kama mama yake anakuja kunywa au kuchenjua dhahabu. Ila nusu ya neno lake ilikuwa kweli, na sikumwambia.

Nikaishika ile kahawa kwa vidole. Chenga tupu, kama chakula cha vifaranga. Na kopo lilikaa wazi dirishani tangu Pasaka, harufu yote imekwenda kwa majirani. Nikamwagiza anunue mpya, asage laini zaidi kwa kisagio chake, ajaze sawasawa kwenye kile kikombe cha mpini, ashindilie. Kwa woga wa Jumamosi, Neema akafanya yote kwa mkupuo. Kisagio akakikaza hadi mwisho, kahawa akaishindilia kwa mchi. Mashine ikaguna kama ng'ombe anayezaa. Nikamaliza Baba Yetu, nikaongeza Salamu Maria, likatoka tone moja.

"Bibi, nimeiua," akasema, macho yamejaa machozi.

Hakuiua. Nilimwambia mchi aurudishe kinuni, kiasi cha kahawa asikibadilishe, mkono wake ushindilie vilevile kila mara, alegeze kisagio tu, kidogo, kisha aonje. Mara ya nne ikatoka nyembamba kama mkia wa panya, ina rangi ya asali, nami nilipofika Amina ya Baba Yetu kikombe kikawa tayari.

Jumamosi mama wa Bukoba alikipokea, akanusa, akanywa. Neema alisimama mlangoni, pindo la kitenge liko mdomoni. Mama akakitazama kikombe kitupu, akakinyoosha.

"Niongeze, mwanangu."

Basi sikiliza. Kitu kikitoka mbio, usikishangilie kabla hujakionja. Kahawa ikikukimbia, usikimbilie kumlaumu fundi wala umeme. Tazama kama ni ya zamani, kama imesagwa chenga, kama umeijaza kidogo au hukuishindilia. Rekebisha kimoja, onja, ndipo uguse kingine. Na nyumba yako uiendeshe hivyohivyo.

Mungu akujalie mkono usio na papara, mwanangu, na wakwe wako wasitoke kwako hata siku moja na harage mfukoni.