Dawa ya Shangazi

Diploma yangu ya utabibu nimeitundika ukutani katika kliniki yangu hapa Garsen, mahali ambapo mgonjwa akiketi hana budi kuiona. Hakuna aliyenisomesha. Nilichuuza maembe ya Kulesa hadi nikafika chuoni, kisha nikafanya kazi Nairobi katika wodi ya majeruhi wa kichwa. Nikarudi kwa hiari yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu alipoanguka na pikipiki, akapasuliwa kichwa Mombasa na kurudishwa kulazwa katika hospitali ya huku kwetu, mimi ndiye niliyejua kilichokuwa kikimsumbua. Kila alipogeuzwa kitandani alilowa jasho, mikono ikakakamaa, moyo ukaenda mbio. Walimpima malaria, hamna. Walitafuta usaha kwenye kidonda, hamna. Nikamweleza mama kwamba ubongo ulioumia unaupigia moyo kelele za hatari bila kukoma, na moyo nao huchoka. Zipo dawa za kuutuliza, beta-bloka. Nikaitaja propranolol.

Shangazi, ambaye humeza vidonge hivyohivyo, alicheka hadi akashika ukuta.

"Dawa yangu ya presha? Kijana kapasuka kichwa, unampa dawa ya vikongwe! Hicho ndicho ulichoendea Nairobi, baba?"

"Shangazi, dawa moja ina kazi nyingi."

"Basi mpe na miwani yangu."

Nilimtazama mama anitetee.

"Tumngoje daktari, mwanangu," akasema.

Daktari wa wodi alikuwa kijana wa shahada, viatu vyake havijaonja matope ya Tana. Alimpima presha, akauliza kama ana pumu, akausikiliza moyo. Kisha akaandika dawa ileile. Ileile!

"Ewaa, daktari," shangazi akaitikia. "Dawa hiyo ina kazi nyingi."

Nilikaa kando ya kitanda nikihesabu mapigo ya mdogo wangu. Yalipoanza kupungua kasi nilishukuru Mungu, na papo hapo nikachomwa rohoni. Siku alipogeuzwa asitoke jasho, akafumbua macho na kumfuata mama kwa macho hayo, mama alimshika daktari mikono yote miwili.

"Umenirudishia mtoto."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nimeshika taulo kavu.

Mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama alikata mkungu wa ndizi uliokuwa mkubwa kuliko yote shambani.

"Mpelekee daktari. Wewe una pikipiki."

Niliufunga nyuma. Nilipofika kwenye tuta nikasimama, nikakata chane mbili za juu, zile nono, nikazitia begini mwangu.

Daktari aliupokea mkungu, akaugeuza. "Mbona umekatwa huku juu?"

"Hizo ni haki ya aliyeutambua ugonjwa kwanza," nikamjibu.

Akacheka sana, akidhani namtania.