Ngoma ya Jembe Mezani

Mwanne binti Sabiri hakuzaliwa kunyamaza. Baba yake, fundi wa kushona kanzu pale Tabora mjini, alizoea kusema mtoto huyu alitoka tumboni na kaswida mdomoni. Akaimba madrasa, akaimba maharusini, na alipoajiriwa kuhudumia wazee kwenye makao yaliyo pembezoni mwa mji, kuimba akaenda nako. Wakubwa wake walinuna wiki ya kwanza. Wazee hawakununa hata siku moja.

Hapo ndipo alipogundua jambo lake. Bibi aliyesahau jina la mumewe hakusahau ubeti. Mzee aliyegoma kuoga alivuliwa shati huku anaitikia kibwagizo, akashtukia yuko majini. Ugonjwa wa kusahau hula mengi, lakini nyimbo huziacha mwisho, na Mwanne alizing'ang'ania hizo.

Kisha akaletwa Mzee Ngollo kutoka Ziba. Huyu alimkomesha. Kaswida hakuitaka, taarabu aliizibia masikio. Mwanne akauliza huku na huko, akaambiwa kwamba enzi zake mzee alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kulima: yeye anapiga na kuimba, vijana wanashuka na majembe. Basi Mwanne akazitafuta ngoma hizo, akazitia kwenye simu, akaitumbukiza simu ndani ya ndoo ili ivume, na kila chakula kilipoandaliwa akaziwasha. Macho ya mzee yaling'aa! Alipiga meza kwa viganja, akaimba kwa Kisukuma mpaka wapishi wakaja kuchungulia. Ila ugali hakuugusa. Kadiri Mwanne alivyoongeza sauti, ndivyo mzee alivyosukuma sahani. Mashavu yakabonyea, nguo zikampwaya, na Mwanne, pamoja na maneno yake yote, akaogopa kimya kimya kwamba babu atamfia mkononi huku akiimba.

Akampigia simu Kabula, binti wa mzee. Kabula akaja, akakuta ndoo inavuma katikati ya meza. Akashika kiuno.

"Dada Mwanne, unampigia ngoma ya jembe mezani?"

"Si anaipenda!"

"Anaipenda, ndiyo. Lakini kwetu ngoma ikilia hakuna kula. Anayekula ni mvivu, atazomewa mpaka na wakwe zake. Chakula ni ngoma ikinyamaza. Wewe unamtia shambani kila saa ya kula, halafu unashangaa kwamba hali!"

Mwanne alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akaangua kicheko, akaibeba ndoo yake hadi bustanini, penye matuta ya mchicha. Mzee akapewa jembe dogo, Kabula akashika la pili, na Mwanne la tatu, mtoto wa mjini anayelikwaruza tuta kama anakwangua ukoko. Mzee akaanzisha wimbo, Kabula akaitikia. Walipofika mwisho wa tuta, Mwanne akazima simu.

Mzee akasimama kidogo, akafuta jasho, akanawa mikono bila kuambiwa, akarudi mezani, akaketi. Akamega tonge. Akamega jingine. Mwanne akageukia ukutani akamshukuru Mungu wake.

Mzee akamtazama Kabula aliyekaa mbele yake. "Mama, unajua kulima. Mtoto wa nani wewe?"

Kabula akajibu, "Wa Ngollo."

"Ngollo wa Ziba? Mpiga ngoma?"

"Huyo huyo."

Mzee akacheka, akamsogezea bakuli la mboga. "Mwambie amezaa."

"Amesikia, baba," Kabula akasema, anacheka huku machozi yanamtoka.