Nyuma Umetengeneza, Mwenyekiti?

Dereva yule aliitwa Soda kwa sababu hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko soda. Kwenye sherehe, watu walipochangamka na kuanza kukumbatiana ovyo, yeye alikaa pembeni na chupa yake ya rangi ya machungwa, akingoja wamalize vituko vyao awarudishe makwao. Jina lilianza kama dhihaka, likageuka sifa. Mtu akitafuta dereva wa kumpelekea watoto shule aliambiwa, "Mtafute Soda." Na baba yake, mzee aliyeendesha malori mpaka macho yakamkatalia, alilipenda jina lile kuliko alilompa mwenyewe.

Baadaye mtaa ukambadilishia, ukamwita Chupa. Aliyemvika jina hilo ni Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alikuwa kiongozi wa kamati ya wazazi pale shuleni. Ni mtu ambaye akipiga chafya hugeuka kutazama nani amesikia. Alinunua gari kubwa la zamani, la watu saba, refu kama kabati la nguo, akamwajiri Soda aliendeshe. Ndani ya mji gari lilitulia. Likifika barabara kuu na kushika mwendo, nyuma ilianza kuondoka yenyewe. Usukani umenyooka, mikono imetulia, na matako ya gari yanakwenda kushoto, yanarudi kulia. Upepo wa lori likikupita ulitosha kulitikisa, na kwenye mteremko ndiyo usiseme.

Soda alilala chini ya gari akaona. Shokomzoba zote mbili za nyuma, zile za kutuliza mtikiso, zilikuwa zimevuja mafuta mpaka zimekauka. Ile fimbo ya chuma inayoishika ekseli isihame pembeni, bushi yake ya mpira ilikuwa imelika yote. Ukiisukuma kwa mkono, inacheza.

"Mzee," alimwambia tajiri wake pale dukani, "nyuma haijashikwa. Siku moja itatuacha."

"Gari halichezi, kijana. Anayecheza ni dereva," alijibu Mwenyekiti, na wateja wakacheka.

Alimwambia tena, na tena. Mara ya mwisho alimwambia asubuhi ileile waliyopakia wajumbe wa kamati pamoja na mwalimu mkuu kwenda mkutanoni. Mwenyekiti alikuwa amechelewa na hakutaka kusikia habari za bushi. Kwenye mteremko wa kuingia mji wa jirani, basi liliwapita kwa kasi, nyuma ikahama upande mmoja, ikarudi kwa nguvu upande wa pili, na gari likalala kwenye mtaro. Mwalimu mkuu alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

Hata kabla watu hawajamtoa mwalimu, Mwenyekiti alikuwa ameshasimama juu ya ukingo wa mtaro anapaza sauti. "Nilijua! Amekunywa huyu! Nilimnusa tangu asubuhi!"

Soda alikuwa na damu mdomoni, hakuweza hata kujibu, na hakuna aliyempima. Abiria wa gari lililokuwa nyuma yao wakaongeza chumvi. Ni kweli, walisema, tuliliona likiyumba kushoto na kulia, hakuna dereva mzima anayeendesha vile. Walichokiona walikiona kweli. Walichokosa kuona ni kilichokuwa chini ya gari, na nani huinama kutazama huko wakati jibu rahisi liko mbele yake?

Kwa hiyo Soda akawa Chupa. Wazazi waliomsifia wakawashika watoto wao mikono anapopita. Wengine walisema wao walishuku zamani, maana mtu gani hanywi kabisa? Lazima anajificha. Binadamu bwana! Ukinywa wewe ni mlevi, usipokunywa wewe ni mlevi mjanja. Alizunguka akiomba kazi ya udereva mpaka soli zikaisha, na kila alikogonga, jina jipya lilikuwa limemtangulia.

Hayo yote angeyameza. Lisilomezeka lilikuwa la baba yake. Mzee aliugua miezi ile ile, akawa wa kulala tu, na majirani waliokuja kumjulia hali walimletea na habari. Jioni moja alimshika mwanawe mkono. "Mwanangu," alisema, "usukani na pombe havikai nyumba moja. Acha."

"Baba, sijawahi kunywa. Naapa."

"Haya, mwanangu," mzee akasema. "Haya."

Aliisema ile haya ambayo mtu humwambia mtoto aliyevunja kikombe na kumsingizia paka. Mzee akafa nayo. Mazishini Mwenyekiti alikuja, amevaa suti, akampa mfiwa mkono na kumwambia ajikaze, na Soda akaupokea ule mkono kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Tangu siku hiyo hakutaka kazi wala jina. Alitaka kumwona mtu yule amesimama mahali ambapo yeye alisimamishwa, anaapa, na hakuna anayemwamini.

Akapata kibarua cha kuosha magari chini ya mteremko wa kuingilia mjini, mkabala na soko. Na nani alileta gari lake hapo kila wiki, akijifanya hamwoni anayelisugua? Mwenyekiti huyohuyo. Gari lilikuwa limenyooshwa bodi na kupakwa rangi mpya ya kung'aa. Lakini wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Soda aliingiza mpira wa maji chini, akachungulia, akaona bushi ileile iliyolika na shokomzoba zilezile zilizokauka. Alikaa juu ya ndoo akafikiri, na alipoelewa, alicheka peke yake mpaka mwenzake akamuuliza kulikoni.

Mwenyekiti hakuwa amekosa pesa ya bushi. Bushi anauza hata jirani yake. Hakuthubutu tu. Angebadilisha mpira mmoja, fundi angejua, na mafundi hawana kifua. Wiki haingeisha kabla mtaa haujauliza, kumbe nyuma ilikuwa mbovu? Kumbe dereva alisema kweli? Kulitengeneza gari ilikuwa ni kukiri. Basi mtu mzima na akili zake aliona bora apande kifo kila siku kuliko kusemwa siku moja.

Mtu mwema angemvuta kando akamwambia, Mzee, yaliyopita yamepita, tengeneza. Soda alikuwa mtu mwema zamani. Sasa alingoja foleni ya magari ijae, wateja wawe wengi, ndipo akapaza sauti kwa heshima zote, "Mwenyekiti! Nyuma umetengeneza?"

Watu wote wakageuka.

"Gari langu halina tatizo, na halijawahi kuwa nalo!" Mwenyekiti akafoka.

"Sawa, Mzee. Nilikuwa nauliza tu."

Wiki iliyofuata akauliza tena. Kila swali lilikuwa msumari mwingine, kwa maana Mwenyekiti alivyozidi kukana mbele za watu, ndivyo alivyozidi kujifungia njia ya gereji. Soda alijua anachofanya. Usiniambie hakujua. Alilala nacho na aliamka nacho, na kilikuwa kitamu.

Jambo moja tu lilimkereketa. Dereva mpya aliyechukua nafasi yake alikuwa ameshatoroka kazi, na Mwenyekiti alikuwa anaendesha mwenyewe huku mara nyingine amempakia mkewe, mama mpole ambaye hakuwahi kumtukana mtu. Siku moja Soda alimkuta sokoni. "Mama," alimwambia kwa sauti ya chini, "usipande gari lile. Usiniulize." Mama aliweka nyanya zake kwenye kikapu, na tangu hapo akawa anasumbuliwa na kichefuchefu kila safari ikitajwa. Alipanda basi. Mwenyekiti akabaki peke yake na gari lake, na Soda akabaki hana sababu ya kuhurumia.

Siku ilipofika ilikuwa mchana kweupe. Wazazi walikuwa wanakusanyika shuleni kuchagua kamati upya, na Mwenyekiti alitoka mji wa jirani mbio akiwa na masanduku ya vigae nyuma, amechelewa kama kawaida yake. Aliposhika mteremko, lori likampita. Wauza mboga waliona gari likitupa nyuma kulia, likaitupa kushoto, likavuka mstari, likarudi, likaparamia ukingo, likamwaga magunia ya mkaa ya mama mmoja na kusimama pua ikiwa imeingia kwenye rundo la mchanga. Hakuumia mtu, ila mama wa mkaa alikuwa analilia mkaa wake.

Umati haukuchelewa. "Amelewa! Mwenyekiti amelewa!"

Alishuka, akapepesuka kidogo kwa woga, na huko kupepesuka ndiko kulikommaliza. "Sijanywa!" alisema. "Wallahi sijagusa!"

"Hata Chupa alisema hivyohivyo," akajibu mama wa mkaa, na soko zima likaangua kicheko.

Askari wa barabarani alifika, akamnusa, hakunusa kitu, lakini alikuwa amemwona kwa macho yake akiyumba mteremko mzima. Kipimo kiko kituoni, alisema, twende. Kutoka pale mpaka kituoni ni lazima upite mbele ya lango la shule. Mwenyekiti alitazama kule, akawaona wazazi wamejaa langoni. Ndipo macho yake yakamwangukia Soda, amesimama na tambara linalodondosha maji.

"Huyu hapa!" alipiga kelele. "Huyu analijua gari! Waambie, kijana. Waambie linayumba!"

Soda akaja taratibu. "Niwaambie nini, Mzee? Gari lako halina tatizo."

"Lina tatizo! Nyuma ni mbovu!"

"Sijasikia vizuri. Na wale wa kule nyuma nao hawajasikia."

"Nyuma ni mbovu!"

"Tangu lini?"

Mwenyekiti akageuka kutazama lango la shule. Askari alikuwa ameshamshika kiwiko. "Tangu... tangu zamani."

"Siku ya mwalimu mkuu ilikuwa mbovu?"

Wauza mboga wakasogea karibu.

"Ilikuwa mbovu," alisema Mwenyekiti.

"Na nani alikuambia asubuhi ile?"

"Wewe."

"Nilikuwa nimekunywa?"

"Hukuwa umekunywa." Alianza kulia, mtu mzima yule, mbele ya mafungu ya nyanya. "Nilisema uongo. Niliogopa wangesema ni mimi. Nisamehe, kijana wangu, lakini waambie sasa, mwambie Afande!"

Watu wakatazamana. Wengine wakashusha macho, kwa maana kila mmoja alikuwa na siku yake aliyotamka lile jina. Mzee mmoja muuza vitunguu akampiga Soda begani. "Umeshinda, mwanangu. Sasa malizia tu, tusimdhalilishe zaidi."

Askari naye akamgeukia. "Haya, ndugu. Wewe unalijua gari. Ni ubovu au ni pombe?"

Neno moja lingetosha. Soda alilikamua tambara lake mpaka likaacha kudondosha.

"Afande," alisema, "mimi ni mlevi. Uliza mtaa mzima, hawa wote hapa ni mashahidi. Ushahidi wa mlevi utaupeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Askari aliguna, akafungua mlango wa gari lake, akamwingiza Mwenyekiti kiti cha nyuma. Yule bwana akatoa kichwa dirishani, kamasi na machozi vimechanganyika.

"Nimesema yote mbele za watu! Unataka niseme wapi tena?"

"Kamwambie baba yangu."

Mwenyekiti akamkodolea macho. "Baba yako si alishafariki? Mimi nilikuja kumzika."

"Ndiyo," alisema Soda. "Umechelewa."