Pipi za Kuombea Ruhusa

Mtu akikuletea pipi mfuko mzima, na meno yako anajua yamebaki mangapi, ana neno. Mimi hilo neno nililijua kabla mjukuu wangu hajashuka kwenye bodaboda, kwa sababu baba yake, mwanangu wa kwanza, alikuwa amenipigia simu asubuhi. Binti kaitwa tena Japani. Safari hii si masomo, ni kazi yenyewe ya kuhudumia wazee, na ni ya miaka.

"Nimemwambia aje kwako," akasema. "Ukikubali wewe, mama, mimi sina neno."

Mwanaume mzima, ana mji wake na ng'ombe wake, lakini jambo likiwa zito analisukumia kwa mama yake. Basi nikakaa uani kwangu hapa Sapiwi, nachambua choroko, namsubiri na hapana yangu mdomoni.

Msichana huyu nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Mara ya kwanza alipokwenda huko kusomea hiyo kazi nilikubali, maana kusoma kuna mwisho. Kazi haina mwisho. Mtu anakwenda kazini, unakuja kusikia kazaa huko.

Akafika, akapiga goti. "Mwadila, mayu." Nikaitikia. Kisha akaanza kuniita mke mwenza, jina alilonipa kwa sababu marehemu babu yake alikuwa anamtania kuwa ni mke wake mdogo. Hilo jina hulitoa akitaka kitu. Akanipokonya ungo, akasogeza choroko zangu upande, akamimina mfuko. Vipakiti vya kila rangi, vina picha za watoto wenye macho makubwa kama ya bundi.

"Onja kwanza, bibi. Maneno baadaye."

"Kwani kuna maneno?"

Akacheka huku anaangalia pembeni.

Akanipa vidude vidogo vyenye miiba, vya pinki na vya kijani. Nikavirudisha kwenye ungo. Huku kwetu kitu kidogo cha rangi hiyo ni mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa. Kuku akidonoa, unamzika.

"Ni sukari, bibi."

"Sukari gani ina rangi ya sumu? Anza wewe."

Akala. Nikamtazama kidogo kama ataanguka. Hakuanguka, nami nikaonja. Sukari kweli. Watu wana ndege na mashine za kila namna, wanakaa kuiotesha sukari miiba.

Ya pili ilikuwa imevikwa karatasi, na ndani ya karatasi karatasi nyingine nyembamba imegandia. Nikaanza kuibandua kwa kucha. Akanishika mkono. Hiyo nayo inaliwa.

"Karatasi?"

"Inayeyuka mdomoni."

"Hao watu wameshiba mpaka wanakula karatasi, halafu wanakwambia wewe ukawahudumie?"

Ya tatu sitaisahau. Nyekundu, nzuri kwa macho. Nilipoitia mdomoni ikaniuma masikio. Chumvi, na uchachu kama umelamba betri ya redio. Nikaitema, ikaangukia karibu na jogoo. Jogoo akaitazama, akaondoka zake.

Ndipo akaingia jirani yangu, mjane mwenzangu, mwanamke ambaye ukifungua kitu chochote chenye sukari yeye tayari yuko mlangoni anauliza habari za afya yako. Akakaa bila kukaribishwa. Akachukua nyekundu nyingine kama ile iliyonishinda, akaimumunya macho yamefumba, akasema inamkumbusha embe changa na chumvi, na kama mimi siitaki yeye ana mfuko kwenye kitenge.

Kwa vile sasa kulikuwa na mtu wa kumsifia, mjukuu wangu akatoa kile alichosema ni cha ajabu kuliko vyote. Pipi ya kupika mwenyewe. Akamimina unga wa bluu kwenye kisahani, akatia maji, akakoroga. Ukageuka zambarau. Akatia unga mwingine, ukavimba, ukatoa povu. Mimi nimepulizia pamba dawa ya wadudu maisha yangu yote ya ndoa. Unga, maji, koroga, povu, funga pua, fukuza watoto. Leo nageuziwa kijiko naambiwa nilambe!

"Watoto wa huko wanaipenda sana," akasema. "Wanapika wenyewe."

"Wangepewa mchicha wapike."

Jirani akalamba. Mdomo ukamgeuka zambarau, akaomba kijiko kikubwa.

Nikaona mchezo umetosha. Nikamuuliza binti, "Hao wazee wa huko, hawana wajukuu?"

Akajua nimeshaambiwa. Akaweka kisahani chini. "Wanao, bibi. Wako mijini, wana kazi."

"Kwa hiyo wa kwao waende kazini, na wa kwangu aende akawaogeshee bibi zao. Na mimi ataniogesha nani?"

Nilidhani hapo nimemaliza. Akainama, anachora chini kwa kidole. Sasa huyu jirani, pipi zangu ziko mdomoni mwake, akanigeukia.

"Wewe si ndiye uliyemfukuza mkwe wako kisimani? Kataka kukubebea ndoo, ukamuuliza mbele ya watu wote kama ameona unazikwa. Leo unataka wa kukuogesha?"

Nikamwambia amalize povu lake aende kwake. Hakwenda.

Binti akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa kifurushi kisicho na picha. Karatasi nyeupe, imefungwa uzi. "Hiki hakijanunuliwa. Kuna bibi mmoja nilikuwa namhudumia wakati wa mafunzo. Alisema nikuletee."

Nikafungua, nikanusa. Matobolwa! Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vya kutafuna, kama tunavyofanya kila nyumba hapa Usukumani.

"Umeyanunua sokoni Bariadi, unanidanganya."

"Haki ya Mungu, bibi. Kayaanika mwenyewe, kwenye kibaraza cha ile nyumba ya wazee. Nilipoyaona nililia, akadhani ananiudhi."

Nikatafuna. Laini mno. Hayakushiba jua, na vipande vinene kama anakatia ng'ombe. Utamu ulikuwepo, sikatai. Jirani akanyoosha mkono, nikaupiga. Zile pipi nilimwachia zote. Haya hapana.

"Ana watoto huyo?"

"Wawili. Mmoja huja mwaka mpya."

"Na siku nyingine?"

"Anakaa na sisi wahudumu."

"Ulikuwa unamsugua mgongo, au unapitisha maji tu kama unavyoosha sufuria zangu?"

"Nilikuwa namsugua, bibi."

Nilitaka kumchukia yule mwanamke. Nilijaribu kweli. Lakini nilimwona kabisa: kakaa kibarazani kwa watu, anageuza vipande vyake, anafukuza ndege, na hakuna mtoto anayeiba kimoja ili yeye apate wa kumkemea.

Nikafunga kifurushi, nikakitia kifuani.

"Mwambie anakata vinene," nikasema. "Akate vyembamba, na avigeuze jua likiwa kali, asingoje jioni."

Binti akainua uso. "Ndiyo kusema umekubali?"

"Nimesema umwambie. Utamwambiaje ukiwa Sapiwi?"

Jirani akaanza kupiga kigelegele. Nikamnyamazisha, maana mtoto alikuwa ameanza kulia, na mimi sikutaka kufuatia.