Kanga Chini ya Kilti

Juzi sokoni Woolwich niliona kilti imetundikwa kwenye meza ya mitumba, na magoti yakanisisimka kwa baridi papo hapo. Wewe uliyesoma London miaka ile ya sabini utanielewa. Tulihama Unguja kuja huku London baada ya Mapinduzi nikiwa mchanga, na shuleni kwetu mwalimu wa ngoma alikuwa Mskoti. Kila majira ya baridi tulicheza ngoma ya kwao uwanjani mbele ya wazazi, tumevaa kilti, ile sketi ya sufu yenye miraba na marinda, magoti wazi.

Mazoezi ya mwisho nilitetemeka mpaka nikakosea hatua. Mwalimu hakugomba. Alisema tu kwamba nikitetemeka tena kesho, nafasi yangu ataichukua mwenzangu. Soksi ndefu ruhusa, suruali hapana. Nilirudi nyumbani roho juu juu.

Bibi, aliyenilea, hakuona shida. Asubuhi alipasha mafuta ya nazi yenye karafuu, akanisugua miguu mpaka ikawaka. Kisha akachukua kanga, akanizungushia kiunoni, akaipitisha katikati ya mapaja na kuichomeka kwa nguvu, kama mtoto anavyofungwa winda.

"Simama wima. Hii nimeifunga mie, haifunguki."

"Na ikifunguka, Bibi?"

"Basi cheza kama haijafunguka."

Uwanjani, mzunguko wa pili wa ngoma, ikafunguka. Nilihisi pindo linateremka pajani, na kila nikigeuka marinda yanapepea. Mwalimu alikuwa mbele yangu kabisa. Nikabana mapaja, nikafupisha hatua, jasho likanitoka kwenye baridi ile. Sikutetemeka hata kidogo, maana hofu ilikuwa imenijaa tele. Zumari la Kiskoti tulilochezea liliponyamaza, pindo jekundu lilikuwa linachungulia gotini. Mwalimu alilitazama, akanitazama, akapiga makofi.

Nikakimbilia uzioni aliposimama Bibi. Alikuwa anacheka, meno yanagongana. Ndipo nilipogundua kuwa kanga aliyonifunga ni ile aliyokuwa akijifunika kifuani kila siku, chini ya koti lake lisilo na vifungo. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko magoti yangu.

Shule ile sasa ni nyumba za watu, na Bibi tulishamzika. Kwangu siku hizi kuna hita kila chumba, na wanangu hutembea pekupeku hata theluji ikianguka. Yeye hakuwahi kuota joto hilo hata siku moja, na kila baridi inapoingia jambo hilo linaniuma.